Tasbihi ya Kitwana

Tangu kiwanda alichofanyia kazi kitangaze kwamba kitapunguza wafanyakazi, Kitwana hakuweza kuiweka simu chini. Alasiri hiyo mkewe, Mwanakheri, aliipokonya akaifungia kabatini.

"Huyu mke mwenza leo atakaa ndani, Baba Mosi. Shika tasbihi, moyo utulie."

"Afadhali. Nimekuwa mlevi wake," Kitwana alikiri.

Akakaa barazani, kidole gumba kikisukuma shanga moja baada ya nyingine, haraka haraka. Mwanakheri akafurahi.

"Umefika ngapi, mume wangu?"

Kitwana akaitazama tasbihi. Shanga zote zilikwisha kupita mkononi mwake mara nyingi, wala hakuwa ametamka jina la Mungu hata mara moja. Alijaribu kuacha. Kidole kikaendelea kusukuma, macho yameganda kwenye kiganja, kana kwamba majina ya watakaoachishwa kazi yangetokea pale.