Saa Moja ya Maumivu ya Mtu

Kila mwaka, ili leseni yake ihuishwe, mhudumu wa ambulensi huvalishwa kofia ya mafunzo na kuonja kwa saa nzima maumivu ya mkazi mmoja wa mji wake, asiyetajwa jina. Mwaka jana Tunu alipewa jino. Leo asubuhi alibanwa kifua. Mkono wa kushoto ukaenda wenyewe chini ya mbavu, na midomo ikapiga mluzi ili watu wa nyumbani wasishtuke. Akafaulu, akarudi kwake mchana akiwa na furaha tele.

"Nimepita, Baba Rehani!"

"Hongera, mke wangu! Kaa, maharage yanakaribia kuiva."

Mumewe akainama kuongeza chumvi. Mkono wake wa kushoto ukaenda chini ya mbavu, akaanza kupiga mluzi.