Chumba Kisicho na Macho

Kikombe kilimponyoka Monowara mkononi, lakini hakikufika sakafuni. Mtu alikidaka hewani, akamrudishia taratibu.

Monowara aliganda. Chumbani mlikuwa na wanawake tu, wote vipofu, wote wagonjwa wa saratani. Mhudumu aliyeleta chai alikwisha kutoka na kufunga mlango. Kikombe kinachoanguka hakipigi kelele mpaka kifike chini. Aliyekidaka alikiona.

Na mkono ule ulionukia marashi ya waridi ulikuwa wa Parul, mgeni aliyejiunga nao karibuni.

Monowara ndiye aliyekianzisha kikundi kile cha wagonjwa vipofu, pale mjini Khulna, mwaka aliokatwa titi. Alikuwa amechoshwa na wodi, ambako wenye macho walimjadili mbele yake kana kwamba ni gunia. Akaweka sharti moja: mwenye macho haketi kikaoni. Humo wanawake walilia, waliwasema waume zao, walicheka hadi wakakohoa. Jumanne iliyopita Bibi Golenur, mjane mwenye haya ambaye hata binti zake hawajawahi kumwona kifua, alifungua blauzi akasema, "Njooni mnishike hapa, mniambie kama kovu langu linapona kama makovu yenu." Wakamshika, mmoja mmoja, kwa upole.

Kumbe muda wote huo mlikuwa na macho mle ndani.

Kila kitu cha Parul sasa kilimchefua Monowara. Ile sauti ya kumumunya, kama mtu aliyejaza tambuu mdomoni hata wenzake wanapozungumzia kifo. Yale marashi mengi, na uvundo uliojificha chini yake. Ile tabia ya kusukuma mbali chai na bisi za mchele, "Nimeshiba, dada." Ameshiba, ndiyo. Kila mwisho wa mwezi tajiri mmoja wa sokoni huwaletea wanakikundi mchele. Ndio uliomleta, Monowara alijiambia. Hata fisi humngoja mtu afe kwanza.

Kikao kilipokwisha aliwaacha wenzake watangulie. Akamkamata Parul mlangoni.

"Wewe unaona."

Parul hakubisha. "Naona, dada."

"Na hiyo fimbo?"

"Nilinunua sokoni."

"Golenur alivua nguo mbele yako. Mama mtu mzima yule. Ulikuwa unatazama nini?"

"Niligeukia ukutani. Wallahi, niligeukia ukutani."

"Usimtaje Mungu kwa mdomo huo. Mchele wetu umekuwa mtamu?"

"Mchele wangu anachukua Golenur. Muulize. Mimi sijatafuna kitu tangu Idi."

"Na saratani nayo ulinunua sokoni?"

"Hiyo ninayo," Parul alisema. Maneno yalimtoka kwa shida, yamelowa mate. "Nisikilize kidogo, halafu unifukuze. Nyumbani mwanangu akila ananipa mgongo. Waendesha riksho wakinitazama usoni wananipita. Humu mwenu tu, dada, ndimo ninamovua ushungi."

"Ushungi," Monowara alisema kwa dharau. "Nani amekuuliza habari za ushungi?"

Parul aliuchukua mkono wa Monowara, akaupitisha chini ya kitambaa alichofunikia uso. Monowara alitafuta shavu.

Vidole vyake vikagusa meno.