Ufagio wa Akina Kindi

Mimi Bata, mtembezi wa dunia, nilifika Gujarati kwenye kampuni ya akina Kindi, nikamtwika sanduku langu bibi aliyekuwa akifagia mlangoni.

"Mama, niitie tajiri."

"Tajiri ndiye mimi."

Nilitamani kuzama pasipo maji.

Baba yao alianza na kikaango cha karanga. Sasa wana vinu, malori na hoteli. Desturi haijabadilika: mkuu wa ukoo hulifagia mwenyewe duka hili la kwanza kila asubuhi.

Mara akaingia kaka yake Bi Kindi huyo, mpenda mkia wake, na ami zao nyuma.

"Dada, nipishe! Kiti ni cha mwanamume."

Bi Kindi akamnyooshea ufagio. "Sikupishi. Anayekitaka aanzie hapa."

Kaka akaruka nyuma. "Na hili vumbi? Mkia wangu je?"

Ami mkubwa, aliyemleta, akaguna. "Nenda kauchane. Dada yako ana kazi."