Volteji ya Mzee Shekue

Kila nyumba iliruhusiwa kubaki na marehemu mmoja ndani ya kompyuta, naye Bi Mwantumu alibaki na mumewe. Mzee Shekue alijibu polepole. Ukimwuliza jambo, chai hupoa kabla hajasema. Fundi alishaonya kwamba volteji ikizidi, prosesa, ubongo wa kompyuta, huungua ndani kwa ndani. Lakini siku ya arusi ya Zuhura, binti yao, Bi Mwantumu aliipandisha ili mumewe aweze kujibu upesi.

“Umeongeza ngapi, Mama Zuhura?” mzee akauliza papo hapo.

“Kidogo tu,” akamdanganya.

Feni ikavuma. Mzee akawatania wakwe, kisha akamwombea bintiye dua hadi machozi yakawalengalenga wote.

Wageni walipoondoka, Bi Mwantumu aliishusha volteji, akamimina chai, akangoja. Chai ikapoa.

“Mama Zuhura,” mzee akasema, “arusi ya mtoto ni lini?”

“Kesho, inshallah.”