Kura ya Msimamizi

Baraza la Shahada za Juu lilifika kwenye jina la Mwanamvua, mwanafunzi wa uzamivu aliyepitiliza muda wake. Kanuni ilitaka afutwe, isipokuwa msimamizi wake atoe sababu ya kuchelewa.

"Profesa Shemdoe, huyu ni wako," alisema mwenyekiti. "Una lolote la kumtetea?"

Sababu ilikuwepo. Tasnifu nzima ya binti huyo ilikuwa ofisini kwa Shemdoe tangu mwaka juzi, naye hakuwahi kuifungua. Aliwatazama wenzake waliokuwa wakimsubiri.

"Sina, mwenyekiti."

"Basi, wanaokubali afutwe?"

Mikono ilinyooshwa. Wa Shemdoe ulikuwa wa mwisho, lakini ulinyooka.

Alipotoka, Mwanamvua aliinuka upesi kwenye benchi la nje.

"Shikamoo, Profesa. Nimemwambia mama asiwe na wasiwasi, maana wewe umo humo ndani."

"Marahaba," alijibu.

Binti akaupokea mkoba wa Profesa kwa mikono miwili, kama alivyozoea, akatangulia kuelekea kwenye gari, akipunguza mwendo ili mwalimu wake asiachwe nyuma.