Kadi Yenye Vumbi

Mwanakombo, mhariri wa video za harusi, alikataa hata chai. Alikaa kwenye stuli, macho hayabanduki mikononi mwa fundi Shebwana aliyekuwa akimuundia kompyuta mpya. Fundi alipoitoa kadi ya picha ili aipachike ndani, Mwanakombo alipitisha kidole kwenye feni yake. Kikatoka na vumbi.

"Hii imeshatumika, fundi."

"Yako ilifika imekufa, dada," Shebwana alijibu bila kuinua uso. "Nimekuwekea yangu ya kuchezea gemu, usije ukakosa kazi ya kesho. Nyingine ikija, tutabadilishana."

Mdomo mtamu huo, aliwaza. Tapeli hakosi neno. Akainuka, akaiendea kompyuta ya fundi pale pembeni na kuufungua ubavu wake. Ndani palikuwa na nafasi tupu ya kadi, na waya mmoja ukining'inia.