Barua za Zahanati ya Mlimani

Laini ya simu ya zahanati ya mlimani ilipopona baada ya siku tatu, nesi Mashavu alimpigia Tunu, fundi wa barua pepe mjini.

"Dada Tunu, majibu ya damu ya yule mjamzito yamefika? Bila hayo hatuwezi kumwanzishia dawa. Au mashine yenu imeyarudisha tena kwa mpimaji wa maabara?"

Tunu aliogopa kutazama. Zamani mashine ya kupokea barua ilirudisha kila barua ambayo zahanati haikuichukua ndani ya saa nne. Wiki iliyopita, kitabu cha maelekezo mkononi, aliiagiza izishike kwa siku tano, mpaka kompyuta ya zahanati ipige simu yenyewe kuzichukua. Alifungua foleni ya barua kwenye skrini.

"Zipo!" alisema, akashusha pumzi. "Kumi na tisa. Ya mpimaji imo."

"Nisomee basi!"

"Ya mgonjwa siifungui, dada. Kata simu, kompyuta yako ipite waya huohuo."

"Nikikata, laini ikafa tena?"

"Zitakungoja. Safari hii hazirudi."

Mashavu alisita, kisha akakata. Tunu aliketi akiitazama modemu, kisanduku kinachounganisha kompyuta na simu. Ikalia kwa kukwaruza, taa ikaanza kupepesa, na kwenye foleni kumi na tisa ikawa kumi na nane.